Badogo mnaoanza kazi ya ulinzi, pimeni poshi ya kifua mbele ya kulipa

Badogo, kila kundi jipya linapoingia kazini swali ni lile lile, shef ninunue poshi ya kifua ya namna gani, na mbele hata sijafungua kinywa telefone imeshatoka, picha ya mzungu mwenye ndevu na miwani nyeusi, kifua kimejaa mifuko mpaka shati halionekani. Eti hii ni muzuri? Muzuri kwa nani sasa. Yule pengine inamfaa. Wewe utasimama Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, kwenye mstari wa makamiyo (malori), ao utapandishwa nyuma ya moto (pikipiki) usiku ku Ruashi, ao utakaa ndani ya Land Cruiser kutoka Lubumbashi mpaka Likasi, kilomita kama 120 kwenda tu, na kila moja ya hizo kazi inataka kitu tofauti kwenye kifua.

Naongelea ile inaitwa porti-shajeri, ya kubebea kifuani shajeri (magazini, kile kisanduku cha risasi cha bunduki), wa intaneti wanaita chesti rigi, hasa ile ndogo ya shajeri tatu ao nne na vipochi viwili vitatu pembeni. Mimi niko upande wa vifaa, nilianza na polisi, sasa niko na sosiete ya gardienaji (kampuni ya walinzi binafsi), kazi yangu ni kupokea mizigo, kupima, kugawa na kupeleka kwa fundi kile kilichopasuka. Mambo ya kulenga shabaha muulize wenye kuyafundisha. Mimi najua kwa nini poshi inarudi stoku imekatika, na kwa nini mwingine anaiacha ndani ya gari kwa sababu imemchosha.

Kwanza kabisa, kwa sababu kuna wanaochanganya: hii kitu haizuii risasi. Ni kitambaa na mikanda, basi. Muuzaji atakugonga kwenye kifua na kukwambia ni nguvu, ni ya jeshi, muache aseme. Kinachozuia risasi ni jile yenyewe (fulana ya kuzuia risasi) na sahani zake, na hata jile zinapita kwa ngazi. Kwa kipimo cha Marekani cha NIJ, kile cha 0101.06 cha mwaka 2008, jile laini ya IIIA inasimamisha masasi ya bastola kama 9 mm na .44 Magnum, lakini AK inaipita. Mwaka 2023 walitoa kipimo kipya cha 0101.07 wakabadilisha majina, za bastola zikawa HG1 na HG2, za bunduki ndefu RF1, RF2 na RF3, kwa hiyo ukisoma lebo uangalie ni ya kipimo gani. Poshi ya kifua unaivaa juu ya jile ao bila jile, lakini usiihesabu kama ulinzi. Mtu akiwa na shajeri tatu za chuma kifuani anajiona amefunikwa, kumbe hajafunikwa.

Sasa kwa nini ndogo. Mwanajeshi anatoka kambini akijua pengine hatarudi leo, ndiyo maana mzigo wa kawaida wa askari wa miguu wa Marekani ni shajeri saba, masasi 210, na maji, na chakula, na kila kitu. Polisi hatumiki hivyo. Polisi muda mwingi anaongea na watu, anaandika, anakaa, anapanda, anashuka, anashika mtu mkono, na ikitokea mambo ya silaha yanaanza kwa ghafla na mara nyingi yanaisha haraka. Huko Marekani tarehe 28 Februari 1997, North Hollywood mjini Los Angeles, wezi wawili wa banki walitoka wamevaa jile na bunduki ndefu, polisi wa doria wakawa na bastola na shotgani tu, masasi yao hayakuwa yanapita. Baada ya hapo huduma nyingi za polisi kule zikaweka bunduki ndefu ndani ya magari ya doria. Lakini bunduki ndefu ndani ya gari inataka shajeri zake zipate fasi ya kukaa, na mukaba wa polisi ulishajaa bastola, menoti (pingu) na motorola (redio ya mkononi). Jibu likawa poshi ndogo inayokaa kwenye kiti ao nyuma ya kiti, unaitupia kichwani, unafunga klipsi moja ya pembeni, unatoka. Hiyo njo kazi ya poshi ndogo ya polisi, kuvaliwa haraka na kubeba kile cha dakika za kwanza. Kila mfuko unaoongeza juu ya hapo unaiharibu.

Kwetu hapa wote tumekua tukiona ile ya Mchina, Type 56, turubai la kijani, katikati mifuko mitatu mikubwa ya shajeri za AK na midogo miwili kila upande. Watu wanaicheka lakini mimi siichekagi. Iko bapa, inakaa karibu na mwili, haina kitu cha kuharibika haraka, na fundi yeyote anaishona. Shida yake ni turubai la pamba, mvua ya Januari ikiipata inakunywa maji, inakuwa nzito, na inachukua muda mrefu kukauka, na ukiikunja imelowa inaoza kwenye mshono. Halafu ni pana, ilifikiriwa mtu anayetembea kwa miguu, haikufikiriwa mtu aliyebanwa kati ya dereva na mlango.

Uzito tuuhesabu kabisa maana hapa vijana hawaamini. Shajeri ya AK ya chuma ikiwa tupu ina kama gramu 330. Risasi moja ya 7.62 kwa 39 ina kama gramu 16, mara 30 ni karibu nusu kilo. Kwa hiyo shajeri moja iliyojaa inapita gramu 800. Tatu ni kilo mbili na nusu hivi, sita ni karibu kilo tano, zote zinaning'inia mbele na mgongoni hakuna kitu cha kuzisawazisha. Ongeza motorola na betri yake. Saa ya kwanza husikii kitu, saa ya sita shingo inaanza kuuma kwa nyuma, saa ya kumi kijana anafungua klipsi, anaiweka juu ya meza ya posti na shajeri ndani, anaenda kukojoa. Poshi nzito inaishia juu ya meza, na silaha juu ya meza bila mtu ni kesi. Kwa polisi wa doria ya mji, shajeri iliyo kwenye bunduki na mbili ao tatu kifuani, mimi naona inatosha, anayetaka sita aniambie anaenda fasi gani.

Na nyinyi wa gardienaji msikilize vizuri hapa. Gardien wa sosiete binafsi kwetu Kongo habebi bunduki, kwenye posti zenye silaha ni polisi anayewekwa pamoja naye. Sasa kuna gardien ananunua poshi ya shajeri tatu, anatia ndani betri ya torshi, biskuti na chaja ya telefone, anajiona komando. Kwa mbali, usiku, mtu mwenye nia mbaya haoni biskuti, anaona mtu mwenye silaha, na utakuwa wa kwanza kupigwa. Wewe chukua poshi isiyo na mifuko ya shajeri, ya motorola, torshi, filimbi, kaye (daftari) na biki, na vya huduma ya kwanza. Na rangi za kamufulaji ziache kabisa, raia akivaa vitu vya jeshi anakamatwa, na poshi ya kamufulaji juu ya shati la gardienaji itakuletea maswali kwenye bariyeri ya kwanza.

Sasa kupima. Watu wanapima poshi wakiwa wamesimama mbele ya kioo. Ukisimama kila poshi inakaa vizuri. Mimi naanza na kiti.

Jaza poshi na uzito wake wa kweli, shajeri zikiwa na masasi ya mazoezi ao vipande vya chuma vya uzito ule ule, usiwahi kupima tupu. Ingia kwenye gari, kaa, funga mukaba wa kiti. Angalia chini: ukingo wa poshi unagusa mapaja? Kama unagusa, kila barabara ikirusha gari poshi yote inapanda juu, mikanda inalegea mabegani, na vichwa vya shajeri vinakuja kukupiga chini ya kidevu. Ukingo wa chini ukae juu ya kitovu, vidole kadhaa juu ya mukaba wa suruali, ili mkono ufike kwenye bastola na menoti bila kunyanyua kitu. Angalia mukaba wa kiti unapita wapi, ukipita juu ya mifuko utaukuta umenaswa siku unataka kutoka haraka, na ukipita chini ya poshi basi ujifunze kuufungua bila kuangalia maana poshi inaficha kibonyezo. Dereva yeye aangalie usukani, kuna poshi zinatoka mbele kama sinia ya muuza mayai, akikata kona shajeri zinakwaruza usukani. Kisha fungua mlango, toka na bunduki, rudi ndani, toka tena, mpaka uone ni kitu gani kinanasa kila mara. Kitu kitanasa. Mara nyingi ni ule mkanda wa bunduki unapita kifuani na kuingia kati ya mifuko miwili, ao ni antena ya motorola inashika juu ya mlango, ao ni ncha za mikanda ambazo hazikukunjwa. Ncha hizo zikunje na uzifunge na skoshi (utepe wa kunata), usizikate mpaka mwezi wa saba uishe, maana mwezi wa sita na wa saba usiku wa Lubumbashi ni baridi, utavaa jaketi chini na utahitaji urefu ule.

Upande wa moto, pima ukiwa umekaa nyuma ya dereva. Shajeri zako zinamchoma yeye mgongo, yeye anajisogeza mbele, moto inayumba. Hakuna poshi inayomaliza shida hiyo kabisa ila iliyo bapa sana, shajeri moja unene, hakuna mfuko juu ya mfuko. Ile ya mifuko miwili kwa unene kwa mtu wa moto mimi siipokei. Kulala chini kwa tumbo ni hivyo hivyo, ikiwa nene inakunyanyua kutoka ardhini na kichwa chako kinapanda, na kazi ya kulala ilikuwa kushuka.

Kisha mikono. Mtu wa mkono wa kulia, bega la kulia ni la kitako cha bunduki, usiweke kitu chochote kwenye mkanda wa bega hilo, si maikrofoni, si torshi, si kisu. Motorola iende kushoto na maikrofoni yake kushoto, na wa mkono wa kushoto ageuze. Ukiweka motorola kulia utaongea vizuri mwaka mzima, siku utakayopandisha bunduki ndiyo siku kitako kitakaa juu ya plastiki na kuteleza. Shajeri zinachukuliwa na mkono usioshika bunduki, zote ziangalie upande mmoja, mdomo chini ili vumbi na mvua visiingie kwenye masasi. AK unajua shajeri yake inaingia kwa kuinamisha, jino la mbele kwanza kisha la nyuma linabana, kwa hiyo kama moja imegeuka ndani ya poshi vidole vinapotea, na usiku hutaona. Poshi nyingi ndogo za intaneti zimekatwa kwa shajeri ya M4, bunduki ya Marekani, ni fupi na hazijapinda sana, AK inaingia kwa kulazimisha na haitoki. Usikubali muuzaji akwambie itazoea. Leta shajeri yako ya kweli, weka, toa, weka, toa, huku ukimwangalia yeye usoni.

Garo. Hii njo sitanii nayo. Kile kifaa cha kufunga damu, aina ya CAT inayojulikana zaidi, kikae katikati ya kifua ao fasi ambayo mkono wa kulia na wa kushoto yote miwili inafika, maana hujui ni mkono gani utabaki. Kaa chini, weka mkono mmoja mgongoni, kitoe na mwingine. Kisha badilisha. Kama mkono mmoja hauwezi, hamisha. Kitolewe kwenye plastiki yake mbele ya kwenda kazini, kikunjwe tayari kuvaliwa, na kisikae kimechomwa jua nje ya mfuko siku zote kwa sababu jua linakula plastiki. Kinafungwa upande wa moyo, sentimita tano mpaka nane hivi kutoka kwenye jeraha, si kwenye goti ao kisukusuku, unakaza mpaka damu inasimama, unaandika saa. Za bandia ziko nyingi sana sokoni, kijiti kinapinda ao kinavunjika ukikaza. Mwenye kununua anunue mbili za fasi moja, moja ya mazoezi na moja ya kazi, aivunje ile ya mazoezi akiweza. Ya kazi asiizungushie mazoezi kila wiki mpaka ichoke. Na andika kundi lako la damu kwa maandishi makubwa ndani ya poshi fasi inayofunuka, si lazima kibandiko cha duka, hata kitambaa cheupe na kalamu ya maka isiyofutika inatosha.

Tuje kwenye kushika. Mfuko unaweza kushika shajeri kwa kifuniko cha skratshi (ile ya vijino vinavyonasana), kwa klipsi, kwa kamba ya mpira, ao kwa kubana tu. Wa intaneti wanapenda kubana tu kwa mpira kwa sababu ni haraka, na kwa shajeri ya M4 inaenda, ni nyepesi. AK ya chuma ni nzito, mpira ukipata joto la mwezi wa kumi na jasho unalegea, baada ya muda ukiruka mtaro shajeri inabaki mtaroni. Kwa hiyo ruka. Kimbia uwanjani, panda ukuta, jigeuze kichwa chini kabisa kama umeshikwa miguu. Kinachoanguka mbele ya wenzako ni kicheko, kinachoanguka ku marché Kenya, soko la hapa Lubumbashi, kina mwenyewe mpya mara moja. Skratshi inashika vizuri ila ina kelele, usiku kwenye posti ya kimya unasikika mbali, na wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu linaingia kwenye vile vijino na hakuna kinachoshika tena mpaka ukipige mswaki. Ndiyo, mswaki wa meno, mzee, kila wiki. Mimi kwa hapa napenda kifuniko chenye klipsi ao kamba ya mpira yenye kipande cha kuvuta, polepole kidogo lakini unajua kitu kiko.

Na kuna jambo ambalo wa picha hawaliongei kwa sababu wao wanapiga shabaha za karatasi: polisi anashikwa. Soko, mechi, kuachanisha watu wanaogombana baa, mtu anakukamata kifuani, na poshi ya mikanda mingi ni mpini amepewa. Mwambie mwenzako akuvute mbele, kisha nyuma kwenye ule msalaba wa mgongoni. Kama anaweza kukuzungusha nayo, kaza, ao chagua ile yenye mkanda wa mgongo unaolala karibu na mwili. Kuna zinazokuja na klipsi za kufunguka zenyewe ukivutwa kwa nguvu, mimi sijaamua juu yake, kwa gardien bila silaha naona ni nzuri, kwa polisi mwenye shajeri sitaki poshi ibaki mkononi mwa mtu mwingine.

Siku za umati ni tofauti kabisa. Mazembe na Lupopo wakicheza, ukisimama kwenye mlango wa uwanja wa Kamalondo na kifua kimejaa shajeri, umeshawaambia watu kitu mbele ya kuongea, na wewe mwenyewe utakuwa na wasiwasi wa kulinda shajeri badala ya kuangalia watoto wasikanyagwe. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya matumizi ya nguvu na silaha, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinataka polisi wapewe vifaa vya namna namna ili silaha ya moto isiwe jibu la kwanza, na zinataja vya kujikinga kama ngao na kofia. Poshi ni hivyo hivyo, siku hiyo ibebe filimbi, motorola, menoti, maji kidogo na garo. Ndiyo maana napenda zile ambazo sehemu ya shajeri inatoka yote na kubaki mikanda na vipochi.

Upande wa kitambaa muuzaji atakuimbia denia, kipimo cha unene wa uzi. 1000D maana yake uzi wake mita 9,000 una uzito wa gramu 1,000, na 500D ni nusu, kwa hiyo 500D ni nyepesi na inakunjika, 1000D inavumilia mikwaruzo zaidi. Kwa poshi ndogo 500D ya nailoni halisi inatosha, shida ni kwamba kila kitu sokoni kimeandikwa 1000D mpaka mifuko ya shule. Omba uzi mmoja kwenye ncha ya mkanda, uguse na kiberiti. Nailoni inayeyuka, moshi wake ni mweupe-mweupe na inanuka kama seleri ya kwenye mchuzi, poliesta inatoa moshi mweusi na harufu tamu-tamu ya kemikali, pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu. Na kwa vile nailoni inayeyuka, chini yake vaa pamba, usivae jezi ya plastiki ya mpira wa miguu, siku ukiungua itashikana na ngozi.

Mikanda ile ya kuning'inizia vipochi, ya mtindo wa MOLLE, ina vipimo vyake: upana milimita 25, nafasi kati yake 25, na mishono inakata kila milimita 38. Beba rula ya mtoto. Za bandia zinakosea hapo, unanunua kipochi kingine hakiingii. Kila mshono uwe mnene wa kwenda na kurudi, si mstari mmoja. Vuta kwa nguvu zako zote pale mkanda wa bega unapoingia kwenye mwili wa poshi, hapo njo zinakatikia, karibu zote zinazorudi kwangu zimekatikia hapo. Klipsi zigeuze uone jina ndani, YKK ao ITW Nexus ni dalili nzuri ingawa nayo inaigwa, zisugue na vumbi na uzifunge na kuzifungua mpaka uchoke.

Mama na badada wa kazi, wengi wananiambia poshi inawabana ama inapanda kooni, na wanaume wanawajibu wazoee. Hawana cha kuzoea, poshi nyingi zimekatwa kwa kifua bapa. Tafuteni zile zinazofunguka katikati ao zenye sehemu mbili, mzigo ukae pembeni na chini kidogo, na mikanda ya mabega iwe ya kurefushwa kila upande kivyake. Mkikosa, fundi anaweza kuhamisha mahali mkanda wa bega unapoanzia, sentimita chache kuelekea nje, na tofauti inaonekana siku hiyo hiyo. Mpelekeeni uzi wa nailoni, akitia wa pamba utaoza na jasho.

Kuosha ni maji baridi na sabuni ya kawaida, javeli (dawa ya kung'arisha) hapana, anika kwenye kivuli kwa sababu jua kali linadhoofisha nailoni kidogo kidogo na huoni mpaka siku inapasuka. Na mbele ya kuosha toa kila kitu, nimeshaona risasi ikioshwa.

Wengine mtasema shef, sisi hatununui, tunapewa ya huduma, kubwa, ya mifuko minane, mwenzetu wa jana ameiacha na jasho lake. Sawa. Hiyo nayo inaweza kupunguzwa. Mifuko usiyotumia ilaze bapa na uifunge kwa skoshi ili mkono usiingie humo gizani, sogeza vyote vya maana upande mmoja unaofikika, pandisha mikanda ya mabega mpaka ukingo wa chini ukae juu ya kitovu, na funga ule wa mgongo sana kuliko unavyodhani. Usikate wala kushonesha chochote mbele ya kuomba ruhusa kwa shef wa vifaa, ni mali iliyoandikwa kwenye kaye kwa namba, na wakati wa kubadilishana zamu uitoe ikiwa shajeri zimehesabiwa nje, mbele ya anayepokea, yeye asaini ndipo wewe uende.